Shimo la Ukweni

Mzee Hatibu alishuka mlimani Jumatatu asubuhi bila kuitwa kikao, na mzee wa miaka sabini na mbili akiacha migomba yake akaja mpaka Bigwa kwa miguu yake, ujue kuna aliyempigia simu. Aliyempigia alikuwa Anastasia, jirani muuza supu, ambaye genge lake linatazamana na uwanja wa nyuma wa nyumba ya Bi Maimuna. Hakusema mengi. Alisema tu, "Mzee, wewe njoo unuse."

Basi mzee akaja akanusa. Alisimama katikati ya uwanja, kofia mkononi, pua juu, akageuka huku na huku kama msafiri anayetafuta kibla. Chini ya mfenesi kulikuwa na viroba sita vimefungwa midomo kwa kamba ya katani, na nzi waliovizunguka walikuwa wengi kuliko wateja wa Anastasia.

"Kafa nani?" akauliza.

"Hajafa mtu, mjomba," mpwa wake Nasra alijibu, akijikaza asicheke. "Shikamoo."

"Marahaba. Sasa kama hajafa mtu, hii ni nini?"

"Ni kazi za Baba Yasmin hizo."

Baba Yasmin ndiye Abdulmajid, mume wa Nasra, mtu wa Gairo, mfanyakazi wa kiwanda kimoja cha ngozi pale mjini. Kazi yake ni kukwangua. Ngozi ikitolewa kwenye maji ya chokaa, yeye huiparura upande wa ndani mpaka zile nyama na mafuta yaliyobaki yatoke. Zamani mabaki yale yalitupwa korongoni yakanuka huko huko. Siku hizi Abdulmajid anayaomba, anayapakia kwenye bajaji ya mtu mwenye mafua, anayaleta nyumbani, anayaosha chokaa, anayakatakata, anayachanganya na kinyesi cha ng'ombe na kuyatumbukiza kwenye shimo alilolijengea kuba la matofali chini ya ardhi. Juu ya kuba unatoka mpira wa gesi unaoingia jikoni kwa Nasra. Ubavuni linatoka tope jeusi, nalo ni mbolea ambayo wakulima wa mboga wa mlimani wanaigombania. Yale mabaki yaliyokwisha kutiwa dawa ya buluu hayagusi, kwa sababu alifundishwa kwamba yale ni sumu kwa udongo, na Abdulmajid akifundishwa kitu anakishika.

Kiwandani walikuwa wamempunguzia siku za kazi hadi tatu kwa wiki. Kwa hiyo tope ndilo lililokuwa likisomesha mtoto, na gesi ndiyo iliyomfanya Nasra asinunue mkaa tangu mwezi wa mfungo. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo Abdulmajid hakumwambia mtu. Shimo lile lilikuwa kitu cha kwanza maishani mwake alichokijenga kwa mikono yake mwenyewe kikafanya kazi. Banda la kuku liliwaangukia kuku. Choo cha Gairo tusikiseme.

"Mwite," akasema Mzee Hatibu.

Abdulmajid akaja mbio, mikono inatiririka maji ya chokaa, akaamkia kwa mbali ili asimnukie mzee. Mzee akakalishwa barazani. Nyuma ya mlango, kwenye kigoda chake, alikaa Bi Maimuna, mama yake Nasra na dada yake Hatibu, akichambua mchicha polepole kuliko mchicha wowote uliopata kuchambuliwa. Hapo ndipo ugumu ulipoanzia, maana mkwe mwenye adabu zake, akijua mama mkwe anasikia, hataji choo, hataji kinyesi, wala hataji tumbo kujaa gesi.

"Nieleze," mzee akaamuru. "Humo shimoni unatia nini?"

"Mabaki ya ngozi, mjomba."

"Na nini?"

Abdulmajid akautazama mlango. "Na... na vitu vya ng'ombe."

"Vitu gani vya ng'ombe? Pembe?"

"Hapana. Vile vya... vya kila siku."

"Maziwa?"

Nasra akaingia ndani haraka, kanga mdomoni. Abdulmajid jasho likamtoka. Angependa kueleza vizuri, kama wataalamu walivyomweleza yeye: kwamba mle ndani mna vijidudu hai visivyoonekana kwa macho, vinavyokula uchafu na kutoa hewa inayowaka, na kwamba ukivitunza vinakutunza. Lakini hiyo hewa vinaitoa wapi? Utalisemaje hilo mbele ya mama wa mke wako? Akaishia kusema, "Ni utaalamu tu, mjomba."

"Utaalamu unaonuka," mzee akasema. "Sasa nisikilize, mwanangu. Jumamosi ni arobaini ya dada yetu Tausi. Ukoo mzima unashuka. Kuna watu wanatoka Mgeta, wanatoka Matombo, wanakuja kumsomea marehemu. Waje wanuse hivi? Halafu hii ardhi si yako. Si yangu pia, mimi ni msimamizi tu. Ni ya lukolo, ukoo wa upande wa mama, inakwenda kwa wanawake, kutoka kwa mama yetu kwenda kwa Tausi, kutoka kwa Tausi kwenda kwa Maimuna. Kila kilichomo humu ni cha ukoo, hata hilo fenesi linaloanguka. Wewe hapa umeoa tu. Lifukie kabla ya Jumamosi."

Maneno hayo hayakuwa mageni kwa Abdulmajid. Hata kwao Gairo ardhi ni ya dada zake, na huku ni ya mke wake, kwa hiyo duniani kote hakuna mahali anapoweza kupigilia msumari bila kuomba ruhusa. Lakini kuyasikia barazani, mke yuko jikoni anasikia, mkwe yuko nyuma ya mlango anasikia, na Anastasia ng'ambo kaacha kupuliza moto ili asikie vizuri, yalimuuma. Na mtu akiumwa huropoka.

"Mjomba, lisifukiwe. Jumamosi nitawapikia."

"Utampikia nani?"

"Wazee wa ukoo. Pilau la mkeka wa wazee litaivia kwenye gesi ya shimo hili. Lisipoiva, nitalifukia mwenyewe, mbele yenu nyote, na kanzu yangu mwilini."

Nyuma ya mlango mchicha ukasimama. Mzee Hatibu alikuwa mtu anayependa sana ahadi za watu wengine. Akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake.

"Haya. Umesema mwenyewe, sijakulazimisha. Nasra, hakuna chai?"

*

"Pilau!" Nasra alianza mara mjomba alipopotea njiani. "Pilau la arobaini! Kwa nini hukusema chai? Chai ingetosha. Jiko lenyewe lina matundu mawili, moja bovu."

"Wazee kumi na wawili tu. Kilo tatu za mchele. Nimepiga hesabu."

"Hesabu za banda la kuku?"

"Nasra."

"Basi, yameisha." Akamwangalia, akamwonea huruma. "Tutafanyaje?"

"Tuanze kuiweka akiba gesi. Kuanzia Jumatano usiku tunafunga koki, hakuna kuwasha hata kwa uji. Jumamosi itakuwa imejaa mpaka inasukuma."

"Na mimi nipikie nini siku hizo?"

"Kuni."

"Miezi mitano nimejidai mtaa mzima kwamba mimi kuni basi," Nasra akasema, "leo nikaombe kuni kwa Anastasia?" Lakini aliziomba. Anastasia akampa mzigo mzima bila kinyongo, akamwambia, "Mimi nilisema aje anuse. Sikusema alifukie."

Wakati hao wanapanga gesi, Bi Maimuna alikuwa na yake moyoni. Watu walidhani anamchukia mkwe wake kwa sababu hasemi naye, kumbe alikuwa akimheshimu. Kwa miaka kumi alimwona akiamka na kulala na kazi, hanywi, hapigi mtu, na miezi mitano ile ya harufu alivumilia bila kulalamika hata kwa binti yake. Kilichomkosesha usingizi sasa ni pilau. Ngozi zinazokwenda kiwandani zinatoka kila upande. Wapo ng'ombe waliochinjwa kwa jina la Mungu, na wapo waliojifia machungani wakachunwa tu. Leo nyama za hao ziwe ndizo zilizoivisha chakula cha arobaini ya dada yake?

Akamwendea Shehe Hafidhi wa mtaani, akamweleza.

"Bi Maimuna," shehe akasema, "ukipika kwa kuni huwa unauliza ule mti ulikojolewa na mbwa gani? Moto ni moto. Wapikie watu wale."

Akashukuru kwa mdomo. Moyoni akajisemea kwamba shehe huyu hajawahi kulikataa pilau hata siku moja, kwa hiyo fatwa yake katika mambo ya pilau ichukuliwe kwa tahadhari. Angemuuliza nani tena? Mkwe hamwulizi, ni haya. Nasra akimwuliza, Nasra atamwambia mumewe, na mkwe ataona kwamba mama mkwe anakiita kitu chake uchafu. Masikini, mtu kashatahayarishwa na Hatibu hadharani, naye amwongezee? Hapana. Heshima ya mkwe wake ataitengeneza mwenyewe, kimyakimya.

Alhamisi asubuhi, Abdulmajid yuko kiwandani na Nasra kaenda sokoni mjini kununua viungo, Bi Maimuna alijifunga kibwebwe. Akatoka dukani na madumu mawili ya ile dawa nyeupe ya kusafishia vyoo, inayonukia hospitali. Akafunua mfuniko wa shimo kwa mti, akasema bismillahi, akamimina. Mara sita kwa maji na dawa, mara moja kwa maji ya udongo, jumla saba, kwa kuwa nani ajuaye kama humo hamkupita hata mbwa. Shimo likacheua mara moja, blup, kisha likanyamaza. Harufu ikapungua palepale.

"Alhamdulillahi," akasema, akafunika. Alirudi jikoni amefurahi, na siku ile alikula vizuri.

*

Jumamosi watu walijaa. Mikeka ilitandikwa kuanzia barazani mpaka kwenye mfenesi, ambako viroba havikuwepo tena kwa kuwa Abdulmajid alivihamisha. Uwanja ulinukia udi na kitunguu cha kukaanga. Sufuria kubwa za wageni zilikuwa nje juu ya mafiga, zikipikwa kwa kuni na wanawake wa mtaa. Sufuria ya wazee ilikuwa jikoni, peke yake, juu ya tundu zima la jiko la gesi, na mlangoni walisongamana watu kana kwamba kuna mtu anatahiriwa.

Nasra akafungua koki, akawasha kiberiti. Moto ukaruka, wa buluu, duara safi, unaunguruma. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Hatibu akainama, mikono magotini, akachungulia chini ya sufuria.

"Na hii ni ngozi?" akauliza.

"Ni ngozi, mjomba," Abdulmajid akasema. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe ya Idi, na tabasamu lilikuwa limemzidi uso.

"Haina moshi."

"Haina kabisa."

"Mh," mzee akasema, na ile *mh* ilikuwa na dalili nzuri.

Nyama ikakaangwa na viungo. Maji yakachemka. Nasra akamimina mchele, akakoroga mara moja, akafunika. Alikuwa hajamaliza kufuta mikono yake kwenye kanga aliposikia mngurumo umekuwa mwembamba. Akainama. Ule moto ulikuwa umepungua ukawa kama wa mshumaa, ukageuka wa njano, ukatikisika, ukazima.

"Upepo," akasema, akawasha tena. Ukawaka kidogo, ukazima. Akawasha tena. Kiberiti cha tano hakikupata hata cha kuunguza.

"Imeisha?" akauliza mtu mlangoni.

"Haijaisha! Siku tatu nimeifungia!" Abdulmajid akatoka mbio. Akapiga magoti kwenye vumbi na kanzu yake ya Idi, akaufuata mpira wa gesi kwa povu la sabuni, sentimita kwa sentimita, akitafuta unapovuja. Hauvuji. Akagonga kuba. Likajibu kama debe tupu. Watu wakamfuata nyuma kwa adabu, wengine wameshika vikombe vya chai, na kila akisogea nao wanasogea.

Ndipo akaingia Dominiko. Huyu alikuwa mtani wa ukoo ule, Mkatoliki wa mlimani, mkulima wa kabichi na karoti, na mnunuzi mkubwa kuliko wote wa lile tope jeusi. Kazi ya mtani msibani na kwenye arobaini mnaijua: anatukana, anaiga, anajifanya kichaa, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Asubuhi nzima alikuwa akipita kwenye mikeka akiwaambia wenye msiba kwamba marehemu Tausi kamtokea ndotoni anadai wali. Sasa akanyakua kanga ya mtu, akajitanda kichwani, akajitupa chini kando ya shimo.

"Uwiii! Shimo letu limekufa! Shimo la watu, lilikuwa halina neno na mtu! Limewaacha wazee na njaa! Jana tu lilikuwa zima linajamba vizuri!"

Uwanja ukacheka mpaka mwenye kikombe akamwaga. Hata shehe alijifunika kwa kitambaa. Dominiko akafunua mfuniko ili amuage marehemu, akaingiza kichwa, akakitoa mbio.

"Jamani! Marehemu ananukia hospitali! Huyu kafia wodini!"

Watu wakazidi kucheka, lakini Abdulmajid hakucheka. Akaja, akainama, akanusa. Harufu ile aliijua. Kila choo cha kiwandani kinaoshwa nayo. Vijidudu vyote vimekufa. Akainua kichwa taratibu kutafuta ni nani, na macho yake yakaangukia pembeni ya pipa la maji, ambapo madumu mawili meupe yalikuwa yamesuuzwa vizuri na kupinduliwa yakauke, kama anavyofanya mtu mmoja tu katika nyumba ile. Bi Maimuna alikuwa amesimama hapohapo, ameshika nguzo.

Akaelewa. Akainamisha macho.

"Sema!" Nasra alimnong'oneza, maana naye aliyaona madumu. "Waambie limetiwa dawa. Waambie si kosa lako."

"Niseme limetiwa na nani?"

"Abdulmajid," Mzee Hatibu akaita. Hakuita kwa ubaya; aliita kama mtu anayelazimika. "Mchele umeiva?"

"Haujaiva, mjomba."

"Na ulisemaje Jumatatu?"

"Nilisema nitalifukia."

"Mimi sikukulazimisha."

"Hukunilazimisha."

Akaliendea chepe lililoegemea ukutani. Hakuna aliyecheka tena. Akakunja mikono ya kanzu, akachota udongo wa kwanza, akautupa shimoni. Ukatua kwa mshindo mzito. Akachota wa pili. Machozi yalimlenga, na hakuyaficha, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Hata Dominiko aliivua ile kanga kichwani.

Bi Maimuna aliutazama ule udongo. Alimtazama mkwe wake, ambaye angeweza kuokoka kwa neno moja na hakulisema, kwa sababu neno lenyewe lingemvua nguo yeye mbele ya ukoo wake. Aibu ilimpanda kutoka miguuni.

"Acha," akasema.

Hakusikika.

"We Abdulmajid! Nimesema acha!"

Uwanja mzima ukageuka. Miaka kumi hakuwahi kumtaja kwa jina lake. Chepe likabaki hewani.

"Mimi ndiye niliyetia dawa," Bi Maimuna akasema. "Madumu mawili, yale pale. Nililiosha mara saba. Nilisema wageni wasije kula najisi, na mkwe wangu asije kuaibika kwa harufu. Nilidhani nalisafisha."

"Sasa dawa na gesi vinahusiana nini?" Hatibu akauliza.

"Hilo mwulize yeye. Mimi sijui." Akamgeukia Abdulmajid, uso kwa uso. "Kwa nini hukuniambia kwamba dawa inaliua?"

"Mama, ningekuambiaje?" Abdulmajid akasema akitazama vidole vyake vya miguu. "Ningeanzia wapi? Ni habari za... zile."

"Habari za nini?"

"Siwezi, mama."

"Sema. Nimetoa aibu yangu mbele ya watu, na wewe toa yako."

Akavuta pumzi. "Za mavi, mama."

Dominiko alianza, akafuatiwa na shehe, kisha uwanja mzima ukalipuka, na Bi Maimuna mwenyewe akaziba uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Ilichukua muda watu kutulia. Na walipotulia, Mzee Hatibu, ambaye alikuwa amecheka kama wenzake lakini hakupenda kuacha jambo nusu, akakohoa.

"Tumecheka, vizuri. Lakini ahadi ni ahadi. Hata kama limeuliwa, alisema lisipoivisha analifukia. Mwanamume kasema mbele ya baraza."

"Kaahidi shimo la nani?" Bi Maimuna akauliza.

"La kwake."

"Lake kwa lipi? Kaka yangu, Jumatatu nilikuwa nyuma ya mlango, nakusikia. Ulisema kila kilichomo humu ni cha ukoo, mpaka fenesi. Ulisema ardhi ni ya mama yetu, ikaja kwa Tausi, ikaja kwangu. Uliyasema hayo au hukuyasema?"

"Niliyasema."

"Basi shimo ni langu. Yeye alichimba tu. Aliyeoa hawezi kuahidi kukifukia kitu cha mwenye nyumba. Mimi sikuahidi kitu, na mimi silifukii. Kuna neno?"

Hatibu aliwatazama wazee wa mkekani mmoja mmoja. Wazee walikuwa wakikubali kwa vichwa, maana ndiyo sheria, na pia walikuwa na njaa.

"Hakuna neno," akasema mwishowe.

"Chepe lirudi ukutani. Na ile sufuria mnaitazamia nini? Ipelekeni kwa Anastasia kabla mchele haujavimba."

Ikabebwa na watu wawili kuvuka njia, ikamaliziwa kwenye mafiga ya muuza supu. Wazee walikula saa tisa, na walikula vizuri. Abdulmajid alikaa mkekani pamoja nao, kanzu imejaa udongo, akipongezwa kwa kupigwapigwa mgongoni. Alifurahi kwamba shimo limepona. Na papo hapo aliumia, kwa sababu alikuwa na shimo asubuhi, na jioni hakuwa nalo.

*

Kulifufua kulichukua wiki tano. Walilikomba kwa ndoo mpaka sakafuni, Abdulmajid ndani na Nasra juu, wakalisuuza, wakaanza upya kwa kinyesi kitupu alichokileta Dominiko, ambaye alisema anachangia matanga. Mabaki ya ngozi sasa yalioshwa chokaa hukohuko kiwandani na kuja kwenye mapipa yenye vifuniko. Anastasia alirudishiwa wateja wake na nzi wake wa kawaida.

Na kila siku Bi Maimuna alikuwepo. Alileta kigoda, akakaa kivulini, akauliza. Vinakula mara ngapi? Vikishiba utajuaje? Chumvi vinaipenda? Mwanzoni Abdulmajid alijibu akiwa amegeukia mfenesi, baadaye akajibu akigeukia ndoo, na wiki ya tatu akawa anajibu akimtazama. Jirani wakipita, Bi Maimuna ndiye aliyewaeleza. "Hili shimo langu," alisema, "lina viumbe hai ndani, lazima ulilee." Wapitaji wakamsifu. Wakiuliza yule mwanamume mwenye ndoo ni nani, alisema, "Huyo ndiye ananisaidia."

"Inakuuma?" Nasra alimwuliza mumewe siku moja wakinawa mikono.

"Inaniuma."

"Nimwambie?"

"Usimwambie kitu."

Siku ilipotimia, ilikuwa Jumapili mchana. Abdulmajid aligonga kuba, akasikia sauti nzito ya kitu kilichojaa, akajua. Angeweza kwenda kuwasha. Alijua hasa jinsi ambavyo ule moto ungeruka. Badala yake akaokota ndoo iliyokuwa safi tayari, akaenda bombani kuisuuza tena, akapaza sauti kuelekea jikoni kwamba anadhani mama anaweza kujaribu.

Kiberiti kilisikika. Kikasikika tena. Halafu jikoni kukapigwa kigelegele kimoja, kirefu, cha mwanamke wa miaka sitini na saba ambaye maisha yake yote amepuliza kuni, na Bi Maimuna akaanza kuita kwa nguvu, "Abdulmajid! Abdulmajid! Njoo! Njoo uone shimo langu linavyowaka!"

Akaitupa ndoo, akaja mbio. Akasimama kizingitini, ambapo ndipo mwisho wa mkwe, akautazama ule moto wa buluu kwa mshangao mkubwa, kama mtu ambaye hajawahi kuuona.

"Hongera, mama," akasema.